Namba ya Mdomo na Namba ya Daftari

Baba yangu,

Shikamoo. Naandika asubuhi, kabla mteja wa kwanza hajaingia, nikiamini barua itakukuta umekaa dirishani kwa Dada, miguu juu ya kiti cha pili, ukilalamika kwamba chai imepoa. Goti linaendeleaje? Na miwani mipya, umeikubali au bado umeigeuza ya kukandamizia magazeti yasipeperuke? Sisi huku wazima. Kaka mzima, shemeji mzima, cherehani nyeusi inakohoa kama kawaida yake. Mimi pia ni mzima, ila nimekasirika, na nimeona nikuambie mapema usije ukadhani ni mwandiko tu umeharibika. Dada, wewe unayesoma, tafadhali usiruke mstari kwa huruma. Msomee yote.

Barua yako niliipata Jumanne. Umeniagiza mambo matatu: nifute ukurasa wangu wote wa mtandaoni, nimwombe Kaka msamaha mbele ya mafundi, na nirudi kushika futi ya kupimia kama zamani. Nisipofanya hivyo kabla ya mwisho wa mwezi, nisitarajie radhi yako. Neno hilo nimelisoma mara nne. Ukurasa sifuti, Baba. Lakini kwa kuwa umesikia upande mmoja, tena wa mtu anayekupigia simu Jumapili wakati mimi nimeinamia mafurushi, nisikilize na mimi.

Miaka tisa nimepima watu katika duka lako. Ukichukua wanne kwa siku, siku mia tatu kwa mwaka, ni watu elfu kumi na mia nane. Wengi niliwapima zaidi ya mara moja, wala si kwa sababu walinenepa. Daftari lao lilikuwa halionekani. Unakumbuka yule mwalimu aliyepimwa mara tatu kwa gauni moja, akauliza kama tunamshonea nguo au tunamchongea jeneza? Wewe ulicheka. Mimi nilienda nyumbani nikifikiria kwamba kipimo cha mtu kinapaswa kukaa mahali ambapo panya hafiki. Ndipo nikaanza kujifunza kutengeneza programu, kwanza kwa simu, kisha kwa ile kompyuta kuukuu isiyo na herufi P. Miezi kumi na minne, Baba. Hakuna aliyenifundisha, na hakuna aliyeniuliza nafanya nini, maana mwanamke akiinamia simu watu wanadhani anaongea na mchumba.

Huko mtandaoni nilikuta watengenezaji wana desturi ya kujenga hadharani. Hawangoji kitu kikamilike. Tangu siku ya kwanza wanaandika wanajenga nini, wangapi wanakitumia, na kipi kimevunjika leo. Nikaona hiyo ndiyo yangu. Sina cheti, simjui mkubwa yeyote, kwa hiyo mtu wa kuniamini lazima aione kazi yenyewe ikifanyika. Siku ya kwanza niliandika hivi: mimi ni mpimaji wa nguo, natengeneza programu ya kuhifadhi vipimo vya wateja wa mafundi, mtumiaji mmoja, naye ni mimi, kosa la leo, programu inakataa nusu inchi.

Kaka aliposoma alishika kiuno. Akasema watu wenye akili hujenga kimya, wakafungua siku ya kufungua, lakini mimi nawaonyesha walimwengu matope na mafundi wamevua mashati. Akasema hata kuku wa jirani hutafuta kona akitaka kutaga, na dada yake anataga barabarani. Mafundi walicheka mpaka mmoja akajichoma sindano. Mama Vifungo wa duka la mbele akawa ananiuliza kila asubuhi, kwa sauti ya mtu anayejulia hali mgonjwa, eti watumiaji wameamkaje. Nikawa namjibu kwa namba. Wawili. Watano. Siku ya arobaini walikuwa tisa, naye akaacha kucheka, akaniuliza kama programu inaweza kuhesabu vifungo.

Mtu wa kwanza kuitumia programu ambaye si ndugu wala jirani ni fundi wa mji mwingine, anayejiita Sindano Butu. Sijawahi kumwona. Huyo hana maneno matamu. Aliniandikia mbele ya wote kwamba wateja wake wawili wenye jina moja programu imewaunganisha, sasa ana mteja mwenye kifua cha mume na nyonga za mke. Nilirekebisha siku ile ile, nikaandika nilivyorekebisha, na wiki hiyo wakaja mafundi saba kwa mpigo. Walikuja kwa sababu ya kosa, Baba. Waliona limevunjika, wakaona limeungwa, wakaona na uzi. Siku ya mia na arobaini nilikuwa na mafundi thelathini na moja.

Hapo ndipo Kaka mwenyewe, aliyenicheka, akasema tuyaingize na madaftari yako. Tulikaa alasiri kumi na moja, yeye akisoma, mimi nikiandika: madaftari kumi na manne, wateja elfu moja mia tisa na kumi na wawili. Alisoma vizuri, bila haraka, na kila mara nilipomwomba arudie alirudia. Kumbuka hilo, maana nitalirudia.

Kisha zikaja sare za hoteli, makoti ishirini na mawili ya wahudumu. Kaka alikata kwa vipimo vilivyotoka kwenye programu. Siku ya kujaribu, wahudumu kumi na wanne walielea ndani ya makoti. Mmoja alijikunja mabega akauliza kama koti hilo ni lake peke yake au anangojewa mwenzake aingie. Meneja hakucheka. Na Kaka, mbele ya meneja, mbele ya mafundi, mbele ya Mama Vifungo aliyekuja kuona, akasema ni mashine ya dada yake.

Nilifanya ninavyofanya siku zote. Niliandika kwenye ukurasa kwamba makoti kumi na manne yameharibika na kwamba kosa ni langu. Hilo ndilo ulilosimuliwa, kwamba nimelianika duka lako mbele ya watu wasiotujua. Ni kweli nimeandika. Lakini Kaka hakukusimulia kilichofuata. Sindano Butu aliuliza kosa lipi hasa, liko wapi katika hesabu. Sikumjibu. Akauliza tena kesho yake. Sikumjibu. Mafundi wakaanza kuondoka, maana anayesema kosa ni langu bila kusema nini kimekosewa ni sawa na daktari anayekuambia una ugonjwa halafu anafunga jalada. Kutoka thelathini na moja tukafika kumi na tisa. Wiki tatu. Kazi ya miezi saba ilikuwa inafumuka mikononi mwangu, nami nimekaa kimya.

Sasa, Dada, soma polepole.

Sikukaa kimya kwa kutojua. Nilijua tangu siku ya tatu baada ya makoti kujaribiwa. Nilikwenda hotelini na futi yangu nikawapima wote ishirini na wawili upya. Wanane ambao makoti yaliwaenea ni wapya, niliwapima mimi. Wale kumi na wanne ni wateja wako wa zamani, na vipimo vyao vilitoka madaftarini mwako. Kwa kila mmoja wao, kifua kilichoandikwa kilizidi kifua cha mwili kwa inchi mbili. Si moja, si tatu. Mtu aliyenenepa hakondi kwa inchi mbili kamili pamoja na wenzake kumi na watatu. Programu inaongeza yake inchi nne za kupumulia kwenye koti, kama afanyavyo fundi yeyote, kwa hiyo kumbe tuliongeza juu ya nyongeza.

Nilimkalisha Kaka mbele ya meza ya kukatia nikamwonyesha namba. Aliangalia chini. Akasema ndivyo Baba alivyokuwa akifanya siku zote: anapima thelathini na nane, anaitamka kwa sauti ili mteja afurahi, kisha anageuka anaandika arobaini, na wakati wa kukata anaongeza mbili tu zilizobaki. Namba ya mdomo na namba ya daftari. Akasema ulimfundisha akiwa na miaka kumi na tisa na ukamwapisha asimwambie mtu, ndiyo maana mafundi walioiba madaftari yako hawakuweza kamwe kukata koti kama lako. Nikamuuliza, na mimi je? Akanijibu kwamba mimi nilikuwa napima tu.

Nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwako, Baba. Miaka tisa. Nilisikia thelathini na nane mara elfu na sikuwahi kuona unachoandika, kwa kuwa ulikuwa ukigeuka. Nilidhani unatafuta mwanga. Na vile vipimo nilivyochukua mimi nikakuletea kwenye vikaratasi, kumbe ulivinakili kimya kimya, ukaongeza mbili zako, ukanirudishia kikaratasi nikitupe.

Kaka simwiti mwongo. Alibanwa na kiapo, na nafikiri aliposoma namba zile zote elfu moja mia tisa na kumi na mbili, kila moja ilimkwama kooni. Lakini kiapo hakikumwambia aninyooshee kidole mbele ya meneja.

Nami nina la kukiri. Nilipoandika kosa ni langu siku ile, niliamini. Siku ya tatu, nilipojua, nililiacha vile vile. Ni uongo pekee katika maandishi mia moja sitini na mbili. Ningependa kukuambia nilifanya hivyo kwa ajili ya jina lako tu. Hapana. Nilikuwa nangoja wewe na Kaka mjue kwamba nimewabebea, mje mnishukuru. Nilitaka shukrani. Badala yake ikaja barua ya Jumanne.

Basi jana niliandika la mia moja sitini na tatu. Nimesema kosa nilivyolieleza halikuwa kweli, nimeandika makoti kumi na manne dhidi ya manane, nimeandika inchi mbili. Nimeandika kwamba fundi aliyenilea aliongeza kwenye daftari na hakumwambia mpimaji wake, na kwamba mpimaji huyo ni mimi. Jina lako sikulitaja. Lakini siri yako, Baba, imetoka. Imeshasomwa na mafundi mia nne. Huwezi kuniagiza niifute, na hata kama ningeweza nisingeifuta.

Unajua walijibu nini? Fundi mmoja kaandika kwamba baba yake aliongeza moja na nusu, akamwapisha. Mwingine, tatu, kwa wanaume wenye matumbo tu. Mwingine alijifunza kwa mjomba ambaye alikuwa anapunguza kwenye mabega na hajui mpaka leo kwa nini. Hadi jioni walikuwa ishirini na sita, kila mmoja na siri yake, kila mmoja akidhani ni yake peke yake duniani. Sindano Butu ameandika neno moja: afadhali. Tangu leo programu ina swali jipya kabla ya kupokea namba yoyote: kipimo hiki ni cha mwili au cha daftari?

Nimehamisha meza yangu. Nimekodi nusu ya chumba nyuma ya duka la Mama Vifungo, chenye dirisha moja na soketi mbili, moja ikiwa nzima. Msamaha kwa Kaka siombi, ila makoti kumi na manne tuliyapunguza pamoja, siku mbili, bila kusemeshana, na ya kwake yalitoka mazuri kuliko yangu. Radhi yako naitaka. Nisingeandika kurasa hizi zote kama siitaki. Lakini kama bei yake ni kunyamaza, kaa nayo kwanza.

Nina swali la kikazi. Kifua na mabega nimeshavipata. Kiuno cha suruali kinanishinda. Nimepima wateja wako saba wa zamani: watatu wamezidi nusu inchi, wawili inchi nzima, wawili hawakuzidi kitu. Kaka anaapa hukumfundisha. Ulikuwa unatazama nini, tumbo, umri, au namna mtu anavyokaa kitini? Niambie, lakini ujue jibu lako nitaliweka hadharani siku hiyo hiyo, kwa jina lako au bila, uchague wewe. Usiponijibu, nitapima watu mpaka nilipate mwenyewe, na hilo nitaliweka kwa jina langu.

Msalimie Dada na pole yake kwa kazi ya kusoma. Wajukuu wape mkono mmoja mmoja, na goti ulipake dawa bila kubishana. Mama Vifungo naye anakusalimu, anauliza utakuja lini.

Nakuamkia tena, Baba.

Ni mimi, kitinda mimba wako.