Maneno Niliyomsemea Mzee Kombo

Jumatatu, 9 Juni

Sijapata kumwambia mtu. Yale mazungumzo na Mzee Kombo hayakuwapo. Niliyatunga.

Chama cha historia kilitakiwa kuandika habari za stesheni yetu. Vitabu vya maktaba nilivimaliza. Lakini Mwalimu Riziki alitaka pia tumhoji mtu aliyefanya kazi pale. Mzee Kombo yupo kila siku langoni mwa stesheni, anammenyea viazi mkewe, Bi Mwanaisha, anayekaanga viazi karai. Nilikwenda mara tatu. Mara tatu nikatoa shikamoo, nikaitikiwa marahaba, nikanunua viazi, nikaondoka.

Leo Mwalimu ameisoma insha yangu mbele ya darasa. Amesema ndiyo bora. Masikio yaliwaka moto.

Jumatano, 11 Juni

Mambo yameharibika. Insha itasomwa Jumamosi, stesheni, mbele ya watu wa mtaa. Kisha itaandikwa kwa rangi ukutani, kwenye chumba cha kungojea. Msomaji ni mimi. Mzee Kombo amealikwa akae mbele.

Nimeisoma upya. Nusu ni kweli: treni za zamani za kwenda bara, mabehewa ya mizigo kutoka bandarini Kipevu, miaka ile stesheni ilipofungwa na mbuzi wakalala chini ya dirisha la tiketi, halafu hii treni fupi ya sasa inayopeleka abiria Miritini wakapande ile ya Nairobi. Nusu ya pili ni uongo wangu. Na sentensi niliyoipenda kuliko zote imo humo: kwamba Mzee Kombo, miaka yote aliyofanya kazi, hakuchelewesha treni hata dakika moja.

Alhamisi, 12 Juni

Nilijaribu kuwa mgonjwa. Mama alinigusa shingo, akaniambia nivae viatu.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda. Baada ya shule, moja kwa moja, kabla miguu haijabadili nia. Nilimpa Mzee Kombo karatasi kwa mikono miwili. Alifuta kisu, akavaa miwani, akamsomea mkewe kwa sauti. Alipofika kwenye ile sentensi akaniangalia juu ya miwani.

"Mwanangu, haya nimeyasema lini?"

"Hukuyasema, babu. Nimeyatunga. Niliona haya kukuuliza."

Bi Mwanaisha akaweka mwiko chini. "Hata dakika moja? Basi ile Ramadhani nilifuturu na nani, jini?"

Akacheka mpaka wateja wakageuka. Mzee hakucheka. Aliniambia mtaa mzima unakijua kisa chake. Nikisoma vile kesho, atakayechekwa ni yeye. Watasema amezeeka, sasa ameanza kujisifu. Nilitamani ardhi inimeze.

Sikuondoka, lakini. Nikamuuliza kilitokea nini. Sauti ilitoka kama ya paka, ila ilitoka.

Zamani njia ilikuwa moja tu, treni zikienda na kurudi humo humo. Ili zisigongane, palikuwa na mashine ofisini iliyotoa kisahani cha chuma. Dereva hakuruhusiwa kuondoka bila kisahani hicho mkononi. Na mashine ikishatoa kimoja haitoi kingine mpaka hicho kirudi. Kazi ya Mzee Kombo ilikuwa kukitoa na kumpelekea dereva. Jioni hiyo ya Ramadhani alikitoa, akakitia mfukoni mwa koti kwanza, atafute mfuko wa ngozi wa kukipelekea kwa dereva. Adhana ikalia. Akaenda zake nyumbani kufuturu.

Treni ilisimama saa nzima na zaidi, imejaa watu. Kila mtu akimtafuta Kombo. Kombo yuko nyumbani anakunywa uji. Alipoingiza mkono mfukoni kutafuta leso, akagusa chuma. Alirudi mbio bila viatu. Wakamwondoa kwenye kazi ile, wakampa ya kufyeka majani kando ya reli.

Hapo hata mimi nilicheka kidogo. Kisha akasema jambo ambalo Bi Mwanaisha mwenyewe alikuwa halijui. Ndani ya treni alikuwamo mama mmoja aliyekuwa akienda Voi kumzika babake. Alimwona dirishani, analia. Hajui kama aliwahi. Hakumwomba radhi.

Bi Mwanaisha aliacha kukaanga.

"Andika hilo," Mzee akaniambia. "La viatu ukitaka liache."

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi nilimwambia Mwalimu Riziki kila kitu. Alikasirika. Alisema nimemvunja moyo, na kwamba Jumatatu sitakuwa tena katibu wa chama. Ni haki yake. Kisha akaichukua karatasi mpya niliyoiandika usiku, akaisoma akiwa amesimama, akanirudishia. "Haya. Soma hii."

Nilisoma vibaya. Polepole, macho chini. Watu walivuta viti karibu ili wasikie. Kwenye uji walicheka, na mzee mmoja nyuma akapaza sauti, "Kombo, kisahani unacho leo?" Mzee Kombo akapapasa mifuko yote ya kanzu, wakacheka tena. Kwenye mama wa Voi hakucheka mtu. Mzee Kombo alivua kofia akaishika magotini mpaka nilipomaliza.

Mwalimu alimuuliza kama ameridhia iandikwe ukutani. Akasema ndiyo, yote.

Jumapili, 15 Juni

Mvua kidogo. Nimefua sare. Baada ya adhuhuri nilikwenda stesheni, nikakata tiketi ya Miritini. Tangu waifungue tena stesheni sijaipanda treni hii, nimeiandika tu. Behewa lilikuwa nusu tupu. Kando yangu alikaa mama mwenye mabegi mawili na mtoto amelala. Kitabu nilikiacha mkobani. Nilimwamkia shikamoo, nikamuuliza anasafiri kwenda wapi, naye akaanza kunieleza.