Wewe Uliyenishikia Mkanda

Mama Leokadia wangu,

Tangu nikae kuandika nimeshasimama mara nne. Mara ya kwanza nilikwenda kufunga banda la kuku, nikakuta limefungwa. Mara ya pili nikaenda kulitazama tena. Hizo mbili nyingine hata sijui nilifuata nini. Binti yetu yupo hapa, amekuja jana kutoka Kasulu, na ameacha kuniuliza natafuta nini.

Kesho ni misa ya kumaliza msiba wako. Watu watakula, ndugu watasema yao, na mimi natakiwa niwe nimenyoa hizi ndevu nilizoziacha tangu siku tuliyokuzika. Kaka yako alishapitisha neno kwamba niende saluni hapo Kibondo, dakika tano za mashine na mambo yaishe. Nikamwambia, "Shemeji, nitanyoa mwenyewe kwa wembe wangu." Akanitazama kama mtu anayeanza ukorofi. Labda nilikuwa naanza kweli.

Shida haikuwa wembe. Ule wa kukunja alioniachia baba bado ni mzima, unaujua. Shida ilikuwa mkanda wa ngozi. Wembe wa namna ile usipoupitisha kwenye ngozi kabla ya kunyoa, haunyoi, unakwangua, na uso unabaki na vipele wiki nzima.

Ule wa zamani uliuchagua wewe. Tulikuwa tumepeleka maharage kuuza Mtendeli, kambi ya wakimbizi ikiwa bado imejaa watu, na yule fundi wa Kirundi alikuwa ametandika mikanda yake chini kwenye turubai. Mimi nilishika unaong'aa kuliko yote. Ukaninyang'anya, ukaukunja, rangi ikapasuka kama ganda la yai, ndani tukaona kitambaa. "Huu ni wa kuvalia suruali, Baba Leokadia," ukasema, na fundi mwenyewe akacheka. Kisha ukatafuta usiopakwa rangi, usio na mshono pembeni wa kukwaza makali, ukaupima kwa vidole vyangu vitatu ili wembe ulale wote. Ukaunusa pia. Sijui ulikuwa unanusa nini. Nadhani ulitaka tu fundi aone kwamba unajua, ili ashushe bei.

Mkanda ule uliharibika siku tuliyokupeleka hospitali. Mvua ilikuwa inanyesha, pikipiki ya mpwa wako ndiyo iliyopatikana, na wewe ulikuwa huwezi kujishikilia. Nikautoa ndani mbio, nikakufunga nao kiunoni pamoja na dereva, mimi nikakaa nyuma yako kukuegemeza. Ukasema, "Usinikaze hivyo, mimi si gunia la muhogo." Ulikuwa unatania na midomo imekauka. Uliishi siku tatu baada ya hapo.

Niliporudi nao nyumbani mkanda ulikuwa umevutika na kujikunja, mgumu kama ubao. Nikafanya ujinga ambao mtu wa mkoa wetu tu ndiye angeufanya: nikaupaka mawese. Nilidhani utalainika. Ukawa mwekundu, unanata, unaokota kila vumbi la nyumba. Ungeniona ungenitolea macho. Sikuutupa, nimeuviringisha chini ya kitanda, lakini hauwezi tena kazi.

Basi wiki iliyopita nikapanda gari kwenda Kasulu. Nilimwambia Leokadia nakwenda kumsalimia, na yeye hakuamini, kwa sababu nilifika, nikanywa chai nusu kikombe, nikatoka. Nilizunguka soko mpaka wauza mitumba wakaanza kunizoea. Kila mkanda niliukunja, nikaukwaruza kwa ukucha. Mmoja akaniuliza, "Mzee, unanunua au unakagua?" Kwenye duka la vifaa vya saluni walikuwa nao mmoja wa kweli, wenye ndoano yake ya chuma, ngozi nzuri mno, lakini bei yake ni mfuko mzima wa mbolea. Niliushika nikaurudisha. Najua ungesema nini, na ungekuwa na haki.

Mwisho nikampata fundi viatu karibu na stendi, kijana mpole anayetengeneza makubadhi. Alikuwa na kipande cha ngozi ya ng'ombe kilichobaki kwenye kazi ya begi. Kirefu cha kutosha, bila rangi, upande mmoja laini. Nikakiweka vidole vitatu, vikaenea. Nikakinusa. Bei tuliyopatana hata wewe usingelalamika. Alipokuwa anakata pembeni zikae sawa akaniambia, "Nikikubandikia kwenye ubao ni vizuri zaidi, mzee. Unaweka mezani, unapitisha peke yako. Ukiacha hivi mtu lazima avute upande wa pili. Unaye wa kukushikia?"

Nikasema ninaye.

Nilidanganya vile bila hata kufikiri, halafu nikabaki nimesimama pale nimeona haya mbele ya mtu asiyenijua. Na tena huo si uongo wangu wa kwanza kuhusu mkanda. Kwenye fremu ya mlango wetu kuna msumari imara wa kutundikia mkanda, uliupigilia wewe mwenyewe ili nisikusumbue. Miaka yote hiyo nilikwambia unalegea. Haulegei, mama. Ungeweza kuning'inizia ng'ombe. Nilitaka tu usimame pale asubuhi kabla hujaenda shambani, kwa sababu mchana kutwa nyumba ilikuwa na watu, na usiku ulikuwa unalala kabla sijamaliza sentensi. Zile dakika za wembe ndizo tulizoongea mambo yetu. Kumsomesha Leokadia tuliamua mkanda ukiwa katikati yetu. Ulikuwa unaniuliza, "Leo unanyoa au unachinja?" na mimi siku zote nilijibu kwamba itategemea uji.

Sasa nakuja kwenye kinachonisimamisha kila nikikaa.

Miezi miwili kabla hujaanguka, msimu wa kupalilia, mkanda ulilegea mkononi mwako. Nikasimama, ukaukaza. Ukalegea tena. Mara ya tatu nikakwambia, "Shika vizuri bwana, unaniharibia makali. Kama umechoka nenda kalale." Ukaitikia kwa kilugha chetu, "Ego, nimeshika." Ukahamishia mkono wa kushoto, nikamaliza kunyoa, nikala, nikaondoka. Asubuhi nyingine ukashika kwa kushoto, na nyingine, na mimi sikuuliza. Nilikuwa natazama wembe. Mtu anayepitisha wembe anatazama wembe, ndivyo baba alivyonifundisha, mgongo utangulie na makali yafuate, macho yasitoke hapo.

Hospitali daktari akaniuliza umeanza lini kuumwa. Nikamjibu, juzi. Akaandika juzi. Wewe ulikuwa umelala pale unasikia, na hukunisahihisha.

Sijui kama ingebadilisha chochote. Sitaki mtu aniambie ingebadilisha wala aniambie isingebadilisha, na kesho watakuwepo wengi wa kuniambia mapenzi ya Mungu. Ninachojua ni kwamba ulisimama mbele yangu kwa urefu wa mkanda mmoja, kila asubuhi, unaumwa, na mimi nikakukaripia kwa ajili ya makali. Nisamehe. Nilitaka kulisema kabla sijanyoa, kwa sababu wakishaona uso msafi watadhani nimemaliza.

Leo asubuhi nilitoa mkanda mpya nikauelekea msumari. Leokadia alikuwa anaosha vyombo. Akafuta mikono kwenye kitenge, akaja, akashika upande wa pili bila kuombwa. Nikamwambia, "Acha, nitatundika." Akasema, "Baba, endelea. Mama alinifundisha nilipokuja msimu wa kupalilia, ukiwa shambani. Alisema siku moja utanihitaji na hutasema."

Kwa hiyo ulijua hali yako, na ulijipanga. Na kwangu ulinyamaza.

Nikaanza kupitisha. Alikuwa amekaza sana, mpaka mishipa ya mikono imesimama, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Nikamtazama uso. Ana mikunjo chini ya macho ambayo sikuwahi kuiona, na amekonda mashavuni. Nikamuuliza analala saa ngapi. Akasema ahaa, analala tu. Nikamuuliza anakula. Nikamuuliza mara ya mwisho alipokwenda kupimwa ilikuwa lini, na akaanza kunijibu vizuri, pole pole, mambo ambayo hakuwahi kuniambia, na mimi naendelea kupitisha na kumtazama, kupitisha na kumtazama, mpaka nikageuza wembe vibaya na kuuchana mkanda pembeni, kovu refu kama kidole. Kosa la mtu anayejifunza. Sijawahi kulifanya tangu nianze kuota ndevu.

Leokadia akauachia. "Baba, umeuharibu, na ni mpya."

Nikamwambia aushike tena, na aendelee kunieleza, alikuwa amefikia wapi.

Mume wako,
Baba Leokadia