Chupa Mbili, Kikombe Kimoja

Shoga, leo nimeumbuka!

Mjukuu wangu alitaka mashine ya kudondosha madini kwenye tangi lake la maji ya chumvi anamofuga matumbawe. Nikamkatalia. "Mashine ya nini? Mkono wangu unatosha."

Chupa za madini ni mbili, kila moja kwa saa yake. Mimi nikazichanganya kwenye kikombe kimoja, nimalize mapema, nikamimina tangini.

Maji yakawa meupe, shoga. Meupe kama maziwa!

Akaingia. "Bibi, umechanganya?"

Nikasema sijagusa. Na kikombe ninacho mkononi!

Hakunifokea. Alikichukua taratibu, akakiosha, akaenda kuandaa maji mapya ya chumvi.

Miaka mitatu ameyalea matumbawe yale. Sasa yamejikunja yote.

Namsikia anarudi na ndoo. Naweka simu, nikamwambie ni mimi.