Baiskeli Juu ya Baiskeli

Mpendwa Baba mdogo,

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu njia za faragha umezimaliza zote. Simu yako ikiwaka ni siku mbili, ikizimwa ni mwezi. Ujumbe wako wa mwisho ulikuwa na neno moja, "Nakuja", na tangu uutume, jakaranda za mtaa wa Observatory zimechanua mara mbili. Labda huko mlimani yuko mtu anayesoma. Akusomee kwa sauti, polepole, na akifika mahali pa kukugombeza asiruke.

Nataka kukukumbusha siku ile ya baiskeli. Najua unayo ya kwako kichwani. Mimi ninayo ya kwangu, na ya kwangu ndiyo sahihi, maana nilibaki mpaka mwisho wake.

Ulikuwa mwaka wa Kombe la Dunia lililochezwa hapa kusini, vuvuzela zimeshanyamaza. Ulikuwa umeletewa habari kwamba shamba la marehemu baba, kaka yako, kule kwetu mlimani, limeingiwa na mtu, analima, na shauri litasikilizwa, na asiyefika ameshindwa. Wiki nzima uliizunguka habari hiyo kama kuku anayetafuta pa kutagia. Mimi nilikuwa na neno moja tu: usirudi. Wewe huna mwingine huko, na mimi sina mwingine hapa. Lakini neno hilo halikusemeka chumbani kwetu Bellevue. Mwenye nyumba wetu alikuwa amezikata sebule za wazungu wa zamani kwa mbao nyembamba, hata mtu akipiga chafya chumba cha tatu, unampa pole bila kunyanyua sauti.

Mteja wangu mmoja, nikiwa namsuka, akanihadithia njia moja nje ya mji, upande wa kaskazini. Reli ya zamani inayofuata mto. Vyuma vimeng'olewa, watu wanapita na baiskeli kwa raha zao, na baiskeli zinakodishwa palepale. Nikasema hapo ndipo. Mtu akiona maji na miti moyo hulainika, nami nitamwambia. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Ulikubali haraka mno, na hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Uliweka sharti moja, kwamba nikaendeshe mwenyewe. Ukasema umenibeba vya kutosha. Sikuweza kubishana. Nilipokuwa na miaka sita ulinivusha mpaka wa nchi juu ya keria ya baiskeli, mimi, godoro na sufuria, na nilipoanza kulia ukaniambia mzigo hauongei. Mpaka leo sijui kama ule ulikuwa ukatili au malezi.

Asubuhi ile jirani yetu Mkongo akatupakia kwenye gari lake la mboga, pamoja na baiskeli yako nyeusi, ile ya chuma, nzito kama deni la ukoo. Na kwenye keria ukawa umefunga gunia. Nikakuuliza umebeba nini. Ukajibu, "Uzito."

Sikuuliza tena. Nakujua. Mtu aliyeanza kazi kwa kushusha mikungu ya ndizi mjini kwa baiskeli, na kupanda mlima ameshika mkia wa lori kwa mkono mmoja, haendi hata dukani na keria tupu. Nikasema ni tabia. Kosa la pili.

Pale mwanzo wa njia nikakodi baiskeli yenye gia, nikaacha rehani karatasi yangu ya ukimbizi, kwa sababu sikuwa na kitu kingine ambacho yule kijana wa kukodisha angekiamini. Wewe ukaitazama ile baiskeli kama mtu anavyotazama mkwe mwembamba. Ukasema hiyo utaendesha wewe, mimi nipande nyeusi yenye gunia, kwa sababu baiskeli tupu inatikisika na mwanafunzi huanza na mzigo. Watoto wa watu hujifunza na magurudumu madogo ya pembeni. Mimi nilifundishwa na gunia.

Na wale waendeshaji wengine! Nguo za kubana, kofia ngumu, chupa za maji, wanapita wakitupigia kengele. Ukaniuliza wanakwenda wapi. Nikakuambia hawaendi popote, wanafika mwisho wanarudi. "Bila mzigo?" Ukasimama kabisa, kama umepewa habari ya msiba. Kwenye daraja la chuma, mahali ambapo wenzetu wote walikuwa wakipiga picha mto na mierebi na ndege weupe, wewe ulipiga magoti ukachungulia ribiti, ukasikitika kwa nusu saa kwamba daraja la kupitisha treni sasa linapitisha watu wanaokunywa maji. Ndiyo mandhari uliyoyaona. Mimi nikangoja moyo wako ulainike.

Nilianguka mara tatu. Kila nilipofungua kinywa kuanza lile neno langu, ukanikatiza: "Endesha kwanza." Nikaendesha. Na niseme ukweli, kwa kuwa mmoja wetu lazima awe mkweli, ilifika mahali mto ukawa karibu kabisa, kivuli kimejaa, gunia limetulia nyuma yangu kama mtu mzima, na nikaona ninakwenda. Nilicheka peke yangu. Nikageuka nikuone, nikaingia kwenye majani.

Tukafika mwisho. Stesheni ya zamani, sasa mgahawa, na nyuma yake barabara ya lami. Pale barabarani lori lenye trela limeegeshwa, na dereva wake, mtu wa Tanga, amekaa kwenye kivuli cha tairi. Nikamwamkia shikamoo. Nimelelewa vizuri, ndiyo shida yangu. Nilimwamkia kwa heshima mtu aliyekuja kunichukulia baba.

Kwa sababu ukaanza kufungua gunia, na ndani zilikuwa nguo zako. Zote. Hata koti la kanisani.

Hapo ndipo nikalisema neno langu, hovyo, bila ule mpangilio wa wiki nzima. Nikakuambia usiende. Nikakuambia mwachie huyo mtu shamba alime mpaka achoke, mimi nasuka nywele, ardhi haisukwi. Nikakuambia kule hawatakutendea haki, na hapa ukiondoka nitabaki na lile pazia linalogawa chumba chetu. Dereva akawa anatazama tairi zake kwa bidii sana.

Ukangoja nimalize. Kisha ukasema, "Baba yako alinikabidhi vitu viwili. Kimoja sasa kinaendesha baiskeli."

 

Ukarudisha nguo ndani ya gunia, ukalibeba begani, ukapanda. Maisha yangu yote nimekuona ukishika lori kwa nyuma. Ile ilikuwa mara ya kwanza kukuona ukiingia kwa mlango. Dereva akanipungia mkono, akasema, "Mzee nitamfikisha, mama." Na lori likaenda.

Sasa tuzungumze habari za hesabu rahisi. Msuka nywele mmoja, amejua kuendesha tangu saa tatu. Baiskeli mbili. Karatasi yake ya ukimbizi iko upande wa pili wa mto, rehani ya baiskeli moja kati ya hizo. Hili hukuliwaza? Ulipanga lori, ulipanga dereva, ulimpanga hata Mkongo, maana jioni alipokuja kunichukua hakuuliza uko wapi. Mimi tu ndiye hukunipanga.

Nilikaa kwenye ukuta wa stesheni nikakulaani kwa lugha tatu. Kisha nikaona mipira. Vile vipande vinne vya tyubu ulivyofungia gunia, umevivingirisha kwenye usukani wa baiskeli nyeusi, vizuri, bila fundo. Mchukuzi wa kwetu humwazima mtu baiskeli, humwazima hata shati. Mipira yake hamwazimi mtu.

Basi nikailaza ile yenye gia juu ya keria. Uzito chini, uvute nyuma, zungusha mara mbili kabla ya kukaza: nilikuona ukifanya hivyo tangu sijui kusema. Mara ya kwanza ilidondoka. Mara ya pili ilidondoka nami. Mara ya tatu ikashika, na nikaondoka, baiskeli juu ya baiskeli, kando ya mto ule ule. Wale wa nguo za kubana wakanipisha. Mama mmoja aliyevaa nguo za rangi ya waridi akauliza kama yangu imeharibika. Nikasema hapana, zote nzima. Akanipiga picha pale pale darajani. Kwa hiyo nasi tulipata picha ya mandhari, ila hukuwemo.

Yule kijana wa kukodisha alinitazama nikifika, akasema, "Eish, sisi," ndivyo wanavyomwita dada hapa, akaizunguka baiskeli yake mara mbili, akanipa karatasi yangu.

Ile nyeusi ipo kwenye korido. Mwenye nyumba analalamika kila mwisho wa mwezi, nami namwambia ni ya baba, anarudi. Jumamosi naichukua, nabebea viazi vya jirani kutoka sokoni Yeoville, na kwenye robot, zile taa za barabarani, watu wananitazama. Jumapili moja niliamua kuendesha kama wenzangu, keria tupu, kwa raha. Ilitikisika njia nzima. Umeniharibu.

Mipira yako sitaituma kwa dereva, wala kwa mtu yeyote wa Tanga. Usinitumie habari za wakili wala za mipaka ya shamba. Ukishinda, njoo. Ukishindwa, usikae huko kwa aibu ya kuja mikono mitupu. Nimejaribu mwenyewe: baiskeli tupu inatikisika, lakini inafika.

Baki na afya, na uwashe simu.

Ni mimi, kile kimoja ulichokwisha kifikisha,
binti wa kaka yako.