Ami, Mashine Sasa Yaamka Peke Yake

Ami,

Barua haimfikii aliyekwisha kuzikwa, najua. Kinachofika ni dua, na dua sijakunyima. Kila nikimaliza kusali Alfajiri nakutaja jina. Lakini kuna mambo ya kazi ambayo siwezi kuyatia katika dua, na nikimsimulia Mama Maryamu mkeo, hunitazama kwa huruma kisha huniletea chai. Katika ukoo wetu mzima ni wewe tu uliyeelewa kwa nini mtu anaweza kulia mbele ya kompyuta. Basi nakuandikia wewe.

Nianze na ya nyumbani. Mwezi wa tano huu tangu utuache. Mama Maryamu ametoka eda juzi, amevaa buibui lake jipya akaenda kuwatembelea watu Mambrui, na aliporudi alisema miguu yamuuma kwa sababu amesahau kutembea. Simu yako bado anaichaji kila siku. Baba alitaka kukipangisha kile chumba chako cha kutengenezea redio, nikamwambia labda anipangishe mimi kwanza. Unamjua ndugu yako, alinuna siku mbili. Chumba kipo.

Sasa la kliniki, ambayo mitambo yake tuliitunza mimi nawe. Nivumilie nilimalize lote, ingawa wewe hukuwa mtu wa kumkatiza mwenzako. Tabia hiyo ilikuwa yangu.

Siku ya hitma yako, watu wakiwa bado uani na sahani za pilau, ujumbe uliingia katika simu yako. Wenye ile mashine tunayokodi mtandaoni, ile ambayo hatujawahi kuiona kwa macho na bado kliniki nzima inaitegemea, walikuarifu kwamba Jumatatu ifuatayo wangeizima na kuiwasha tena kwa matengenezo. Mama Maryamu aliuona. Ulikuwa Kiingereza kirefu, akadhani ni matangazo, akauacha. Hana kosa. Jina la kuarifiwa lilikuwa lako peke yako, na sisi wa kazini hatukukumbuka kulibadilisha. Huku twakusomea, kule wanakuandikia.

Jumatatu hiyo wagonjwa wa sukari walijaa barazani kama kawaida. Dama, yule dada wa Ganda anayekaa mapokezi, alifungua kompyuta yake, na kila kitu kikafunguka vizuri. Hilo ndilo lililotuponza. Hapakuwa na taa nyekundu wala maneno ya kutisha. Aliandika jina la mgonjwa wa kwanza, akajibiwa kwamba hayumo. Wa pili hayumo. Unakumbuka amri ya kliniki, asiye kwenye orodha ya siku haingii kwa daktari, aende zake apangiwe siku nyingine. Dama ni mtu wa kufuata amri. Alirudisha watu sita kabla hajashtuka na kunipigia simu.

Nilipoingia kutazama, nilikwenda moja kwa moja kwenye majina. Hifadhidata, pale yanapokaa majina na vipimo vya watu wote, ilikuwa tupu. Nilidhani miaka yako yote ya kazi imefutika wiki moja baada yako.

Kisha nikaiona diski. Ilikuwa nzima, imejaa majina yote, ila ilikuwa imechelewa. Wajua wewe kwamba diski ile haikai ndani ya mashine. Huletwa kutoka kwingine kila mashine inapoamka, na siku hiyo ilikawia. Hifadhidata haikuingoja. Iliamka, ikakuta mahali pake patupu, na badala ya kuuliza ikatandika mkeka mpya ikakaa. Programu ya mapokezi nayo ikaamka, ikaona hifadhidata ipo, ikaridhika. Nilizima kila kitu nikawasha kwa mkono, kwa mpango wako: diski kwanza, kisha hifadhidata, kisha mapokezi. Kabla ya Adhuhuri majina yote yalikuwa yamerudi.

Ningemshukuru Mungu nikaishia hapo. Lakini nilipopekua maagizo ya kuwasha mashine niliona neno ulilolitia kwa mkono wako: kama diski haijafika, endelea bila yake. Mwenzetu mmoja pale ofisini akasema Mzee alifanya kusudi, alitaka tusiweze kazi bila yeye. Nami, Mungu anisamehe, sikumkatalia. Nilikaa na hasira yangu juu yako siku nzima, wewe ukiwa na wiki moja tu kaburini.

Ilinitoka jikoni. Nilikuwa nasaidiana na Mama Maryamu kukosha vyombo, akasema, kama mtu anayejisemea, kwamba hata kule hospitali ulikuwa ukiitaja mashine. Sahani ilinikaa mkononi. Nilikumbuka.

Uliniambia, Ami. Nilikuja kukuona na uji, ukanishika mkono ukasema: "Rukia, ile mashine. Usiiwache ijiwashe yenyewe." Nikakujibu, "Pumzika, Ami." Ukajaribu tena: "Kuna neno nililitia..." Nami nikakuvutia shuka mpaka kifuani, nikakwambia utanambia kesho, kazi ipo tu, haikimbii. Nilijiona mwema. Nilidhani ni homa inayokusemesha. Ulinitazama kidogo, ukafumba macho. Kesho yake ulikuwa huwezi tena kusema.

Na sababu ya lile neno nilikuwa naijua mwenyewe! Nilikuwepo mwaka ule mashine ilipogoma kuamka kabisa kwa kungoja diski, ikakaa huko iliko, hatuifikii, tukaandika wagonjwa kwenye madaftari siku mbili nzima. Ndipo ukaitia ruhusa ya kuendelea, ili angalau tuweze kuingia. Tangu hapo hukuruhusu iwashwe bila wewe kukaa mbele yake, unawasha hiki, unakiuliza kama kipo tayari, ndipo unawasha kile. Mimi niliona huo ni ukaidi wa wazee, nikawa nakutania kwamba wewe na mashine yako ni kama bibi harusi na somo wake anayemfunda, asiyemwacha hatua moja. Ulicheka. Ungenipa maelezo siku hiyo hiyo kama ningeuliza badala ya kutania.

Watu husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi sikusikia, na guu lililotaka kuvunjika lilikuwa la mtu mwingine.

Wale wagonjwa sita tuliwatafuta. Watano walipatikana kwa simu, wakarudi. Wa sita alikuwa Mzee Kazungu wa Adu, mwenye kidonda cha mguu, ambaye namba yake ilikuwa ya binti yake na binti hapatikani. Kesho yake asubuhi nilipanda bodaboda nikaenda. Nilimkuta amekaa mbele ya nyumba yake, mguu juu ya kigoda, umefungwa kitambaa cha kanga. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akamwita mkewe aniletee maji. Kisha akaniambia, bila hasira hata chembe: "Niliambiwa simo, mwanangu. Mwezi uliopita sikuja, mvua ilikuwa kubwa. Nikajua basi, nimetolewa."

Hakuwa na nia ya kurudi, Ami. Alikubali kwamba ametolewa, kama mtu anavyokubali mvua. Ningemweleza nini? Diski? Nilimwambia kosa lilikuwa langu, jina lake halijatoka wala halitatoka, naye akanitazama kuona kama namfariji tu. Tuliondoka naye siku ile ile. Daktari alipofungua kile kitambaa alisema afadhali mmekuja leo. Kidole kimoja kilikatwa. Mguu umebaki. Daktari asema huenda kidole kingekwenda hata kama angetibiwa siku ile ya kwanza, huenda hapana. Hiyo "huenda" nalala nayo na kuamka nayo.

Baada ya hapo niliapa kuirekebisha ile mashine, na kwanza nikaharibu. Nilifanya wanavyofanya wenye haraka: niliiagiza hifadhidata ihesabu nusu dakika ndipo iamke. Nikaijaribu mara mbili ikakubali, nikajisifu moyoni. Mara ya tatu diski ilikawia kuliko nusu dakika, na mkeka mtupu ukatandikwa tena. Bahati ilikuwa Jumapili, kliniki imefungwa.

Hapo ndipo nilipokusikia. Sisemi nilisikia sauti, mimi si mtu wa mambo hayo. Nilikumbuka tu ulivyonambia nikiwa bado na sare ya shule, nimekuja kukaa nawe kwenye redio zako: mtu akipiga hodi hahesabu mpaka thelathini akaingia. Hungoja aambiwe karibu. Akipiga mara tatu asijibiwe, hurudi, na hana haki ya kukasirika. Nilidhani unanifundisha adabu. Kumbe ulikuwa unanifundisha kazi, au labda kwako vilikuwa kitu kimoja.

Basi hifadhidata sasa haiamki mpaka iione diski yenyewe na alama niliyoiweka juu yake. Mapokezi hayafunguki mpaka hifadhidata ijibu swali, si kuwepo tu. Mashine yenyewe inaamka hata diski ikikawia, kama ulivyotaka, ili tuweze kuingia. Ila asiyejibiwa sasa hakai mahali patupu akajifanya yu nyumbani. Anasimama, na mimi na Dama tunapigiwa simu. Yote nimeyaandika kwa Kiswahili, ukurasa mmoja na nusu, na sababu ya kila neno, na jina lako pale penye neno lako. Yule mwenzetu aliyekusengenya nilimsomesha ukurasa huo kwa sauti, mbele ya watu, mpaka mwisho. Sijutii.

Jumamosi iliyopita niliizima mashine mchana kweupe, nikaiwasha, nikaweka mikono mapajani. Sikugusa kitu. Diski ilikawia, na wote wakaingoja. Halafu Dama akaandika jina la kwanza akasema, "Yumo." Akaandika la Mzee Kazungu. "Yumo." Akaendelea, yumo, yumo, huku anacheka, nami nikatoka nje nikalia kuliko nilivyolia siku ya maziko. Kwa sababu mpaka hapo, Ami, kulikuwa bado na kazi moja hapa duniani iliyokuwa haiendi bila wewe. Na ni mimi niliyeimaliza.

Nakuomba radhi. Wanasema radhi ya maiti haiombwi kwa maiti, huombwa kwa Mungu, na huko nimekwisha kuomba. Lakini nataka pia uisikie kwangu: hukunificha neno. Ulinipa, mimi nikakufunika shuka.

Basi lala salama, Ami yangu. Mungu alifanye kaburi lako lenye nafasi na nuru, na akulipe kwa kila jina uliloliweka mahali pake. Ahadi yangu ni moja, ni fupi, na ni ngumu kwangu kuliko kazi zote za mashine: mtu akianza kuniambia neno, mzima au mgonjwa, lenye maana au lisilo na maana, nitakaa mpaka alimalize.

Mama Maryamu ananiita kutoka chumbani. Tangu jana hajisikii vizuri. Asema ana jambo ataka kunambia, dogo tu, hata kesho si kitu.

Naweka kalamu, naenda sasa hivi.

Mwanao,
Rukia