Kosa la Ruta Nimelijua, Lakini Sitaki Simu Zake Zikome

Shangazi Nyakio mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka Kitengela, na tafadhali unisaidie haraka, kwa maana nimekwama mahali ambapo hata kulia siwezi, nacheka tu, nacheka ofisini, nacheka nikikaanga vitunguu, mpaka mama yangu ameanza kuniuliza kama nimepandishwa cheo.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na sita, Mkamba, nashughulikia kompyuta katika ushirika mmoja wa wafugaji wenye ofisi mbili, moja hapa Kitengela na nyingine Kajiado, na kazi yetu kubwa ni kumbukumbu za mifugo, yaani ng'ombe wa nani amechanjwa lini na chanjo gani, na mwanachama akitaka kuuza mnyama kwenye soko la Kajiado anapita kwanza kwetu Kitengela, penye printa pekee ya vyeti, tumchapishie cheti cha chanjo. Kumbukumbu zote hizo zinakaa katika seva moja, na seva yenyewe ni ile inayoitwa mashine pepe, haina mwili wake, inaishi ndani ya kompyuta kubwa kama mpangaji, na uzuri wake ni kwamba unaweza kuihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine ikiwa inaendelea na kazi, bila kuizima, makarani wasijue lolote. Sasa jengo letu la Kitengela linakarabatiwa na vumbi linaingia kila mahali, kwa hiyo meneja wetu, Bwana Wathome, akaamua seva ihamie Kajiado.

Mwenzangu wa kazi hiyo kule Kajiado ni kijana anayeitwa Parsaoti. Nilikusudia kukuficha jina lakini limejiandika lenyewe. Tuliihamisha Jumatano mchana, mimi huku yeye kule, simu sikioni, na ilihama vizuri sana, karani wa Kajiado hakuacha hata kuandika. Tukapongezana. Kesho yake asubuhi makarani wa Kitengela wakaanza kulalamika kwamba seva mara inafunguka mara inakataa, wa meza hii anaiona na wa meza ile haioni, na Kajiado hawana shida yoyote.

Basi tukaanza kutafuta kosa, na ndipo taabu yangu ilipoanza, kama kweli ni taabu. Parsaoti hupiga simu ya ofisi kila asubuhi nikifika tu, na haanzi na mambo ya mtandao, huanza na "Takwenya", salamu ya kwao Wamaasai, nami nimefundishwa kujibu "Iko", halafu anauliza mama ameamkaje, na mvua imenyesha upande wetu au bado, na mimi namsalimu kwa Kikamba naye anajibu "nesa", yaani nzuri, kwa lafudhi ya kuvunja mbavu, ndipo tunapima. Mimi natuma ujumbe kwa seva, yeye anahesabu uliofika, yeye anatuma, mimi naangalia umepita wapi. Tulishuku waya, tukashuku dishi la paani, tukashuku seva yenyewe kwamba ilihama bila kuutangazia mtandao mahali pake papya. Katika kupima huko nimejua kwamba anaimba besi kanisani, kwamba hali nyanya mbichi hata umlipe, na kwamba alipokuwa mdogo aliogopa mbuzi dume wa nyanya yake mpaka akawa anazunguka nyuma ya boma ili asikutane naye. Shangazi, hakuna chombo cha kupimia mtandao kinachotoa habari kama hizo.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, nikaliona kosa. Hapa Kitengela tuna ruta mbili zinazogawana kazi, na ruta ndizo zinazoamua ujumbe upite njia gani, na zikiachwa zenyewe huambizana njia mpya kitu kinapohama. Ya kwanza iliambiwa ikaelewa. Ya pili, mimi mwenyewe, miezi iliyopita nikifanya majaribio, niliiandikia kwa mkono mstari mmoja wa kusema seva iko Kitengela, nikausahau, na mstari ulioandikwa kwa mkono ruta huuamini kuliko habari yoyote ya kuambiwa. Kwa hiyo ujumbe ukipitia ruta ya kwanza unafika Kajiado, ukipitia ya pili unapelekwa pale ambapo seva ilishahama, unapotea. Kuufuta mstari huo ni dakika moja, unahifadhi ili usirudi ruta ikizimwa, unapima kupitia ruta zote mbili, kwisha.

Sikuufuta. Mkono ulishafika kwenye kibodi, simu ikalia, nikaisikia ile sauti, nikamwambia bado natafuta.

Jumamosi akaja mwenyewe kutoka Kajiado, eti aziangalie ruta zetu kwa macho yake, na alikuja na maziwa lala ya kwao. Nilikaa kando yake. Akasoma ruta ya kwanza, akafungua ya pili, akashuka polepole, akafika kwenye mstari wenyewe, akatua kidogo, akaendelea mpaka mwisho, akafunga. Akaniambia, "Hapa mimi sioni shida. Wacha tupime tena Jumatatu, ama uko na haraka?" Nikasema sina haraka. Nilimshukuru Mungu, na papo hapo nikamhurumia, kwa maana ni mtu makini sana na sijui aliukosaje. Tukanywa yale maziwa tukizungumza mpaka mlinzi akaja kutuuliza kama tunalala hapo.

Lakini Jumanne Mzee Kisemei alikuja kutoka Isinya kuchukua cheti cha madume wake wawili, seva ikakataa, akangoja, akanywa chai yangu, akarudi mikono mitupu na siku ya soko ikampita, na wala hakunikasirikia, aliniambia, "Pole mtoto wangu, hiyo mashine inakusumbua." Ile pole imenikaa kooni. Na Bwana Wathome ameanza kutaja fundi wa kutoka Nairobi, ambaye ataliona kosa kabla chai yake haijapoa. Sasa nikitengeneza, Parsaoti atakosa sababu ya kunipigia, kwa maana hajawahi kutamka neno hata moja la mapenzi, sisi ni ruta tu kutoka asubuhi. Nisipotengeneza nawaumiza watu. Nifanye nini?

Wako,
Mwenye Ruta Mbili,
Kitengela, Juni 2007

SHANGAZI NYAKIO ANAJIBU

Mwenye Ruta Mbili, barua yako nimeisoma kwa sauti hapa ofisini na watu wameacha kazi zao. Kwa miaka niliyokaa kwenye kiti hiki nimeletewa wanaume walevi, mawifi wachokozi na wachumba wanaotoweka, lakini seva ni mara ya kwanza. Nimekufurahia sana. Sasa kaa vizuri nikugombeze.

Huyo mzee wa Isinya hakuomba kuingizwa katika mapenzi yenu. Alitoka kwake akiamini kwamba ofisi yenu inafanya kazi, na ofisi ilikuwa na uwezo wa kufanya kazi, ni wewe uliyeizuia. Akakupa pole juu yake. Kama pole hiyo imekukaa kooni, vizuri, iache ikae mpaka umpelekee cheti chake. Furaha yako si dhambi, msichana wangu, na wala sikwambii uipunguze. Ila umeijenga mahali ambapo watu wanapita, na wanajikwaa.

Sasa hilo la pili. Unasema Parsaoti ni mtu makini, alifika kwenye mstari wenyewe, akatua, akaendelea, na hujui aliukosaje. Mimi ruta sijawahi kuigusa, na yote niliyo nayo nimeyajua kwako, lakini hilo nalijua. Hakuukosa. Mtu hatoki Kajiado siku yake ya mapumziko, na maziwa mkononi, kuja kusoma mistari ambayo ungemsomea kwa simu. Na mtaalamu aliyekuja kutafuta kosa, tena watu wakiwa wanalalamika, haulizi kama una haraka. Mko wawili mnaficha kosa moja, kila mmoja anadhani mwenzake haoni, na mnahurumiana. Nimecheka mpaka nikafuta macho.

Naweza kuwa nimekosea, kwa sababu kijana sijamwona. Ndiyo maana tutapima, na wewe kupima unajua.

Leo hii, kabla hujapika, kabla hujamsimulia rafiki yako yeyote, rudi ofisini ukaufute huo mstari. Uhifadhi, kama ulivyoandika mwenyewe, usije ukarudi. Pima kupitia ruta zote mbili, na usitosheke na moja kwa sababu ni moja iliyowadanganya wiki mbili. Kisha chapisha cheti cha Mzee Kisemei kabla ya cha mtu mwingine, kimfikie Isinya kabla ya siku ya soko inayofuata, na kama lazima ukipeleke wewe, vaa viatu vya kutembea. Bwana Wathome umwambie ukweli, kwamba mstari ulikuwa wako na ulichelewa kuuondoa. Atanguruma, lakini meneja aliyeepushwa kuita fundi wa Nairobi hangurumi kwa muda mrefu. Na mkihamisha tena kitu kinachofanya kazi, kwanza someni kila ruta, mtafute kilichoandikwa kwa mkono. Someni pamoja, sitawakataza.

Hayo yote yakiisha, usingoje akupigie. Safari hii mpigie wewe. Mwambie mstari ulikuwa wapi, nani aliuandika, na kwamba uliujua tangu ile Alhamisi. Usimuulize kama naye aliuona, mpe nafasi aseme mwenyewe. Mwambie seva imepona na hakuna tena cha kupima.

Halafu unyamaze. Najua itakuwa vigumu, utatamani kujaza kile kimya na maneno ya waya na dishi. Usifanye hivyo. Kama alikuwa anaipigia seva, atakushukuru na kukata, nawe utalia kidogo, utaoga, utaendelea na kazi yako, maana kazi unaijua. Lakini asipokata, usikate wewe.