Jina Lako kwa Mjukuu Wetu

Newala, 18 Agosti 1957

Yohana wangu,

Mke wa Mhindi mwenye duka amemaliza kunisimulia kitabu chake cha mapenzi. Wapenzi wawili walikufa, wakazaliwa upya, lakini mwanamume akamkataa mwenziwe kwa kuwa katika maisha ya kwanza mwanamke huyo alimnyima maji. Ndiyo malipo ya matendo yake, alisema mke wa Mhindi.

Nami siku yako ya mwisho nilikunyima maji ya kunawa. Nilikuwa nimeyapandisha kutoka bondeni kwa kichwa, nimechoka. Ulicheka tu, ukajipangusa vumbi.

Leo mkwe wetu ameniomba jina lako kwa mwanawe mchanga. Nilisita. Je, mtoto akiwa ni wewe uliyezaliwa upya, naye akinikataa?

“Mama, mpakate mumeo! Amenichosha tangu alfajiri,” mkwe akasema, akanipa mtoto.

Mtoto akalala kifuani pangu. Nimelitoa jina.

Huko uliko, nikumbuke.